Trela Imara ya Mavuno kwa Njia Mbovu

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Kwale

Mavuno hayana faida mpaka yafike barabarani. Jambo hili kila mkulima wa Shimba Hills analijua, tangu wale wa kwanza waliopewa mashamba huko katika miaka ya 1950, wengi wao wakitoka Ukambani, mpaka watoto na wajukuu wanaolima machungwa, maembe, korosho na bixa leo. Matunda yakiwa tayari, mnunuzi husimamisha lori lake penye lami au penye murram nzuri, naye mkulima hana budi kuyafikisha hapo. Kati ya shamba na lori pana maili mbili au tatu za makorongo, mchanga, mizizi ya mikorosho, na pengine kijito kisicho na daraja. Wengine hulipa pikipiki, gunia kwa gunia. Hesabu ikipigwa jioni huonekana kwamba pikipiki imekula faida, na embe la chini ya gunia limekuwa uji.

Kwa sababu hiyo watu wengi siku hizi wanataka trela. Yuko mwenye pikapu kuukuu, yuko mwenye trekta, na liko kundi la majirani wanaotaka kuchanga. Wanakuja ofisini kuuliza vipimo, na tukisha kuwapa twaona wengine wamekwenda kujengewa kitu kingine kabisa, maana fundi alikuwa na vyuma fulani karibu na mkono. Basi safari hii tumeona afadhali tuieleze kazi yote, ili mkulima akienda kwa fundi Ukunda au Msambweni ajue anachokiagiza, na ajue pia cha kukataa.

Kwanza uzito. Trela tunayoieleza hapa ni ya magurudumu mawili, ya kubeba tani moja, ya kuvutwa na pikapu au trekta. Usidanganyike kutaka ya tani tatu. Tani moja ni magunia 11 ya mahindi ya kilo 90, au tangi la maji la lita 1000. Yatosha kwa shamba la ekari kumi na mbili. Tena trela ya tani tatu hutaka ekseli, breki na magurudumu ya lori, na huko shambani utaipitisha wapi?

Sanduku la kufaa ni la urefu wa futi 8, upana wa futi 4, na kimo cha futi 1 na nusu. Hapo ndipo watu wengi hujitia katika taabu, kwa kuwa sanduku halijui limetiwa nini. Ukilijaza korosho au maganda ya nazi, gari halitaona kitu. Ukilijaza mchanga wa kujengea, umetia zaidi ya tani mbili, maana sanduku hilo lina nafasi ya mita za ujazo 1.36, na mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama kilo 1600. Mchanga uliolowa hupita hapo. Dawa yake ni nyepesi. Piga mstari wa rangi nyeupe ndani ya sanduku, inchi 7 kutoka sakafuni, pande zote nne. Mchanga, kokoto au udongo usipite mstari huo, hata kama mwenye mchanga anakuambia ongeza tu, bei ni ile ile.

Trela yenyewe ikiwa tupu itakuwa karibu kilo 400. Ukijumlisha na mzigo wa tani moja, gari linavuta kilo 1400. Tazama kitabu cha gari lako. Pikapu nyingi haziruhusiwi kuvuta zaidi ya karibu kilo 750 kama trela haina breki zake yenyewe. Mambo ya breki tutayafikia.

Sasa ekseli, ambayo ndiyo uti wa mgongo. Mafundi wengi wa jua kali hutumia ekseli ya nyuma ya pikapu iliyokwisha kazi, na si vibaya, kwa sababu huja na habu zake, ngoma za breki, na pengine springi zake pia. Lakini fahamu aina yake. Katika Land Rover za zamani, gurudumu hushikwa na habu iliyo juu ya bomba la ekseli, na shafti ya ndani kazi yake ni kuzungusha tu. Hiyo shafti waweza kuichomoa na kuziba mdomo wa habu kwa kifuniko, ukapunguza uzito, nayo magurudumu yakazunguka bila kuzungusha gia. Katika pikapu nyingi ndogo mambo ni mengine: shafti yenyewe ndiyo inayolishika gurudumu. Ukiichomoa, gurudumu latoka nayo. Kwa hiyo huko shafti huachwa mahali pake, na gia zilizomo ndani ya difu ndizo hutolewa, kisha mdomo wa mbele wa difu huzibwa kwa bamba la chuma ili vumbi na maji yasiingie. Usiache kuuliza kama bering za shafti hizo hupata mafuta kutoka kwenye difu au zina grisi yake. Zile zinazopata mafuta ya difu zitakufa kiu mara tu difu ikiwa kavu, basi uendelee kutia mafuta humo.

Njia nyingine, nami naipenda zaidi, ni kununua nondo nzito ya mraba ya unene wa inchi 2 na kuitia habu mpya kila mwisho. Ni nyepesi, haina bonge katikati la kugonga mawe, na bering zake hupatikana dukani. Bei yake yaweza kupita ile ya ekseli kuukuu, lakini hutakuwa unabeba difu bure maisha yako yote.

Liko kosa moja la ekseli ambalo lazima tulieleze kwa urefu, kwa kuwa laweza kuua. Ekseli ya gari ikiwa pana kuliko fundi anavyotaka, wako wanaoikata katikati, wakatoa kipande, na kuichomelea tena. Kwa macho hupendeza. Niliwahi kuona trela ya namna hiyo, iliyojengwa katika karakana ambayo sitaitaja, ikishuka kwenye kivuko cha mto na makreti ya maembe. Gurudumu la kushoto liliingia shimoni, ikasikika sauti kama ya mti kuvunjika, na ekseli ikapinda mfano wa herufi V. Mzigo ulimwagikia majini. Watoto watatu waliokuwa wamekaa juu ya makreti walikuwa wamekwisha kushuka juu ya ukingo ili wavuke kwa miguu, wakiogopa kulowa. Tulipokwenda kuchungulia mahali palipokatika, nusu ya chuma ilikuwa imeungwa, na nusu ya pili ilikuwa na kutu ya siku nyingi. Maana yake ufa ulikuwapo tangu zamani.

Sababu yake yaeleweka kwa kuchukua kijiti. Kiweke juu ya mawe mawili, kisha ukibonyeze. Kitakatika wapi? Kati ya yale mawe, na upande wa chini ndio utakaoanza kufunguka. Ekseli nayo ni hivyo hivyo: sehemu iliyo kati ya springi mbili hupinda kwa kila shimo, juu chini, juu chini, mara elfu kwa safari moja. Kiungo cha kuchomelea kikikaa hapo ndicho kitakachotangulia. Kwa hiyo ekseli isikatwe katikati. Ikiwa ni pana mno, tafuta nyingine. Wala usimruhusu fundi achomelee vibao vya springi kwa kukata upande wa chini wa ekseli. Springi zifungwe kwa bolti zilizopindwa mfano wa herufi U, zenye nati mbili mbili, nazo zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Kuna sababu nyingine ya kuutazama upana. Magurudumu ya trela yapaswa kupita katika nyayo zile zile za magurudumu ya gari. Pima kutoka katikati ya tairi la kulia mpaka katikati ya tairi la kushoto, na upana huo huo uwe wa trela. Katika mchanga wa Msambweni au wa Lunga Lunga utaona tofauti mara moja: gari hukanyaga mchanga na kuushindilia, nayo trela hupita juu ya njia iliyokwisha kutengenezwa. Ikiwa trela ni nyembamba, kila tairi lake hulima mfereji wake mpya, na gari linavuta kama jembe. Ndiyo maana pia magurudumu yawe ya ukubwa ule ule wa gari, yenye bolti za mpangilio ule ule, ili gurudumu moja la akiba litumike kwa vyote viwili. Gurudumu dogo la gari la kutembelea huzama katika shimo ambalo gurudumu kubwa hulipita juu. Tazama ubavuni mwa tairi: iko namba ya uzito. Namba 102 maana yake tairi hilo hubeba kilo 850, namba 106 kilo 950. Kwa trela yetu kila tairi hubeba kama kilo 650 njia ikiwa sawa, na zaidi trela ikiinama upande, basi usishuke chini ya hiyo 102.

Springi za pikapu ya tani moja zafaa zenyewe bila kuongezwa vyuma. Wengi hudhani springi ngumu ndiyo imara. Springi ngumu mno hurusha trela tupu kama mpira, na machungwa machache yaliyo ndani hupondana yenyewe kwa yenyewe. Mbele ya springi pafungwe kwa pini isiyosogea, na nyuma pawe na shakeli ya kuiachia nafasi ya kunyooka. Ukitaka nafasi chini ya tumbo, funga springi juu ya ekseli wala si chini yake. Trela itainuka inchi tatu au nne, yatosha kupita visiki. Lakini ukishaiinua hivyo usiinue tena kwa kuweka sanduku juu ya magurudumu. Sanduku la futi 4 likae kati ya magurudumu, na madigadi yakae nje yake. Trela ndefu kwenda juu hulala ubavu penye mteremko wa pembeni, na Shimba Hills miteremko ya pembeni ndiyo shamba lenyewe.

Trekta ambayo haipiti maili 15 kwa saa yaweza kuvuta trela isiyo na springi, na trela nyingi za shamba ni hivyo. Mzigo wa miwa au samadi hauna neno. Wa matunda unalo.

Sasa tuje kwenye shingo, yaani vile vyuma vya mbele vinavyoungana na gari. Shingo ya trela ya njia mbovu isiwe chuma kimoja kilichochomelewa mbele ya sanduku. Iwe vyuma viwili vinavyokutana mbele mfano wa herufi A, navyo viendelee chini ya sanduku mpaka vipite kwenye boriti iliyo karibu na ekseli. Nilimsikia mzee mmoja akibishana na fundi wake juu ya jambo hili.

"Fundi, mbona usivikomeshe vyuma hapa mbele? Gharama itapungua."

"Mzee wangu, gharama itapungua kweli," fundi akajibu, "lakini na trela itapunguka, ibaki nusu hapa na nusu kule Mkongani."

Yule fundi alikuwa na haki. Nguvu zote za kuvuta, kusimamisha na kukata kona hukusanyika pale shingo inapokutana na sanduku. Chaneli ya chuma ya inchi 4 kwa 2 yatosha, nayo ichomelewe kwa urefu wa kiungo, kisha juu ya kiungo kile liwekwe bamba la pembe tatu.

Urefu wa shingo, kutoka mbele ya sanduku mpaka kiungo cha gari, uwe futi 4. Ikiwa fupi zaidi, trela hugeuka haraka mno unaporudi nyuma, na pembe ya sanduku hugonga gari penye kona kali. Ikiwa ndefu zaidi, hutaweza kugeuka uani kwako.

Na ekseli iwekwe wapi chini ya sanduku? Si katikati! Trela iliyogawanywa sawasawa, mbele na nyuma, huwa haina adabu. Mzigo ukisogea nyuma kidogo, trela huinua mkia wa gari, magurudumu ya nyuma ya gari hupoteza nguvu, na katika mteremko trela huanza kuyumba kulia na kushoto, kila mara zaidi ya mara iliyotangulia, mpaka dereva ashindwe. Kwa pikapu, kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote yapaswa kukaa juu ya kiungo. Katika sanduku letu la futi 8 pima futi 4 na inchi 10 kutoka mbele, hapo ndipo pa ekseli. Nyuma yake zitabaki futi 3 na inchi 2. Mkia huo mfupi una faida nyingine, haukwami ukingoni mwa mto gari linapopanda.

Wapenda hesabu watauliza tumepataje. Kutoka kiungo cha gari mpaka katikati ya sanduku ni inchi 96. Kutoka kiungo mpaka ekseli ni inchi 106. Mzigo umetangulia ekseli kwa inchi 10, na 10 kugawanya kwa 106 ni karibu sehemu ya kumi.

Waweza kujipimia mwenyewe kwa mizani ndogo ya kupimia watu, hata kama haipiti kilo 120. Weka tofali chini, na mizani chini, viwe vimeachana futi 3. Laza ubao imara kutoka tofali mpaka mizani. Kisha, trela ikiwa na mzigo na magurudumu yamezuiwa, egemeza shingo juu ya ubao kwa gogo, futi 1 kutoka tofali na futi 2 kutoka mizani. Mizani itaonyesha theluthi moja tu. Ikionyesha kilo 45, shingo ina kilo 135, na kwa uzito wetu wa kilo 1400 hiyo ni vema sana. Watoto wa shule wa darasa la saba waweza kukufanyia, nao watafurahi kuona hesabu za daftarini zina kazi.

Kwa trekta shauri hubadilika. Mvumbuzi Harry Ferguson, ambaye trekta zake ndogo za kijivu zilitengenezwa Coventry, Uingereza, toka 1946 hata 1956, aliona kwamba trekta nyepesi huteleza matopeni kwa kukosa uzito nyuma. Badala ya kuongeza chuma katika trekta, alitengeneza trela ambayo ekseli yake iko nyuma sana, hata sehemu kubwa ya mzigo ikakaa juu ya trekta. Mzigo wenyewe ndio ukaipa trekta meno. Kwa hiyo trela ya trekta peleka ekseli nyuma zaidi, sehemu ya tano ya uzito ikae kwenye kiungo. Trela hiyo usiifunge tena nyuma ya pikapu ndogo, utaikalisha chini.

Na sikiliza sana jambo hili, wewe mwenye trekta. Kiungo kiwe chini, kwenye chuma cha kuvutia kilichowekwa na kiwanda. Usifunge trela, wala gogo, wala kamba ya aina yoyote juu ya kimo cha ekseli ya nyuma ya trekta, au kwenye mkono wa juu wa kuinulia majembe. Mzigo ukikwama na trekta ikivutwa kutoka juu, pua ya trekta huinuka, na kabla dereva hajakanyaga klachi imekwisha kumgeukia mgongoni. Huchukua muda wa kutamka jina lako.

Kiungo cha mpira cha milimita 50, kama cha magari ya matembezi, kinafaa lami na murram. Katika makorongo gari huinama huku na trela huinama kule, na kiungo cha mpira kikifika mwisho wa kugeuka hung'oka au huvunja. Pete nene ya chuma na ndoana yenye kufuli, au pete na pini kwa trekta, hugeuka pande zote, kelele yake tu ndiyo taabu. Pini iwe na kipini cha kuizuia chini. Msumari uliopindwa si kipini. Kisha weka minyororo miwili kutoka shingo mpaka kwenye gari, ipishane chini ya shingo mfano wa msalaba. Kiungo kikitoka, shingo hulala juu ya minyororo iliyopishana badala ya kuchoma ardhi na kuirusha trela juu.

Tulisema habari za breki. Barabara ya kutoka mjini Kwale kuteremka Kombani imewafundisha wengi. Trela ya kilo 1400 isiyo na breki husukuma pikapu mteremkoni, na dereva akishika breki ghafula penye kona, trela hutaka kutangulia. Ukitumia ekseli ya pikapu, ngoma na viatu vya breki vimo tayari. Mwambie fundi aziunge kwa nyaya na kiungo chenye springi mbele, cha namna ya kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela huja mbele kidogo, na kule kusogea ndiko kunakovuta nyaya za breki. Wenye maduka ya vipuri Mombasa huviuza viungo hivi. Huo huo waya upewe mkono wa kuegeshea. Na hata ukiwa nao, beba kabari mbili za mbao ndani ya sanduku, uzitie nyuma ya magurudumu kila unapopakia. Katika mteremko shika gia ya chini tangu juu. Dereva anayeondoa gia ili aokoe mafuta anaokoa mafuta ya robo lita kwa roho yake.

Sisi watu wa pwani tunaye adui ambaye wenzetu wa bara hawamjui sana, naye ni chumvi. Kuanzia Diani mpaka Vanga upepo wa bahari huila trela hata ikiwa imesimama. Bomba la mraba hupendeza na ni jepesi, lakini hula kutoka ndani, ambako rangi haifiki, na siku utakayoona tundu nje, ndani hakuna kitu. Ukitumia mabomba, ama uyazibe miisho yote kabisa kwa kuchomelea, ama uyatoboe chini ili maji yatoke. Nusu nusu haifai. Kwetu chaneli ya wazi ni bora, maana waweza kuona na kupiga brashi kila pembe, mradi tumbo lake lisitazame juu likawa birika. Kabla ya rangi, sugua maungio yote kwa brashi ya waya mpaka majivu ya kuchomelea yaishe. Rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, kisha rangi ya juu.

Wavuvi wa Gazi, Msambweni na Shimoni wanaotumia trela kushushia mashua wana shauri lao peke yao. Habu ikitoka safari huwa ya moto. Ukiitumbukiza papo hapo katika maji baridi, hewa iliyo ndani hujikunyata na kunyonya maji ya chumvi kupitia kizibo, na bering hufa katika wiki chache. Iache ipoe muda wa kunywa chai. Ukimaliza, mwagia maji ya kisima habu, springi na breki, kisha pampu grisi mpaka ile ya zamani itoke.

Sakafu ya bati hupata kutu na kuchoma matunda juani. Mbao ni bora, na kwetu mbao za mnazi mzee zapatikana. Chagua zile za sehemu ya chini ya shina na za upande wa nje, nyeusi na nzito, ambazo huvunja misumari. Zile za moyo wa mnazi ni laini kama sponji na huoza msimu mmoja. Toboa kwanza, kisha funga kwa bolti. Acha nafasi ya upana wa kidole kati ya ubao na ubao, maji yapite. Ubao wa nyuma uwe wa kufunguka na kutoka kabisa, ili mchanga na samadi zitolewe kwa koleo bila kuruka ukuta.

Samadi hiyo ndiyo itakayoirudisha gharama ya trela baada ya msimu wa matunda kupita. Shamba la ekari moja hupenda tani 4 za samadi, na hizo ni safari nne tu, badala ya toroli mchana kutwa kwa wiki. Majirani wanne au watano wakichanga trela moja, kila mtu na siku yake, haitalala chini ya mwembe mwezi mzima. Waandike tu tangu mwanzo nani anayenunua matairi, maana ugomvi wa trela za ushirika ni matairi.

Trela ikienda barabarani, hata kwa nusu maili ya lami ya Likoni na Lunga Lunga, sheria inaitazama kama gari. Husajiliwa na mamlaka ya usafiri ya NTSA, nayo hupewa namba yake yenyewe inayoanza na herufi Z. Iwe na taa nyuma, taa za breki na za kugeukia, na viakisi vyekundu nyuma. Uliza kampuni yako ya bima, kwa maandishi, kama bima ya gari hufika mpaka kwenye trela. Na watu wasipandishwe, si mwanao, si wapakiaji, si mama mwenye kikapu anayeomba msaada mpaka sokoni. Mpishe akae mbele na dereva.

Fundi akikukabidhi kazi, usiende nayo shambani siku ile. Tia nusu ya mzigo, ivute maili tano, usimame, na uguse kila habu kwa mgongo wa mkono. Ikiwa moto usioweza kuuvumilia, bering imekazwa mno. Inua gurudumu kwa jeki ulitikise juu na chini: likicheza, bering imelegea. Kaza nati za magurudumu na zile bolti za U. Chunguza rangi penye maungio ya shingo, kwa kuwa rangi iliyopasuka kama unywele ndiyo habari ya kwanza ya chuma kinachopasuka. Rudia hayo baada ya safari ya kwanza yenye mzigo kamili, kisha mwanzoni mwa kila msimu, kabla mvua za Aprili hazijaziharibu njia.